Kikaragosi Anayesema: Vyombo vya Kuchezesha Katuni

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Yamechapwa ili yasomwe tena darasani na nyumbani.)

Juma lililopita tulijifunza kusoma risiti, na kuangalia kama jumla iliyoandikwa chini inalingana na bei zilizoandikwa juu. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi wenu mmeniuliza: zile katuni zinazotembea na kusema katika televisheni na katika simu hutengenezwaje? Hutengenezwa kwa vyombo gani? Na vyombo hivyo hununuliwa, au hupatikana bure?

Labda mmoja wenu atasema, "Mwalimu, katuni ni mambo ya watoto. Mimi mtu mzima ninauza dagaa. Katuni zinanihusu nini?" Vumilia kidogo, mama yangu. Vumilia kidogo, mzee wangu. Kabla somo halijaisha utaona kwamba kitu ulichojifunza katika darasa hili ndicho ambacho mashine ya katuni inakikosa.

Nianze na habari ya mwanafunzi mwenzenu mmoja wa hapa Kariakoo. Mama huyu anauza khanga kando ya Mtaa wa Kongo. Binti yake alimaliza kidato cha nne, naye anapenda sana kuchora. Siku moja alimwambia mama yake, "Mama, nataka nikutengenezee tangazo la kupeleka kwa wateja kwenye simu. Nitachora mama mwenye khanga begani, naye atasema: Karibu mteja." Mama akafurahi. Zamu yake ya upatu ilikuwa imefika, akatoa shilingi 150,000, fedha alizokuwa ameziweka kwa kodi ya chumba. Binti akazipeleka kwenye kibanda kimoja, akawekewa programu ya katuni katika kompyuta yake.

Baada ya majuma mawili kompyuta ikaanza kuwa nzito. Mwisho ikakataa kuwaka, na michoro yote ikapotea. Kijana aliyeifungua akawaeleza mambo mawili. La kwanza, programu ile ilikuwa nakala ya wizi, na ndani yake mlikuwa na virusi. La pili ndilo lililomuumiza mama zaidi: kuna programu za kazi ile ile ambazo wenyewe waliozitengeneza huzitoa bure, kwa halali, kwa mtu yeyote. Mama alipotusimulia habari hii darasani, hakuna aliyemcheka. Kila mmoja wetu alijua kwamba naye angelipa.

Basi somo la leo ni kwa ajili hiyo. Toeni daftari na kalamu.

PICHA HAITEMBEI

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba katuni haitembei hata kidogo. Kuna picha nyingi zilizosimama, kila moja ikitofautiana kidogo na ile iliyoitangulia. Picha hizo hupitishwa mbele ya macho upesi sana. Jicho haliwahi kuona mwisho wa picha moja na mwanzo wa nyingine. Huziunganisha, na wewe unaona mwendo. Kazi hii ya kuzipa picha mwendo, watu wenye ujuzi huiita uhuishaji, yaani kutia uhai. Mitaani huitwa animesheni.

Tufanye jaribio. Kata karatasi 12 ndogo, za ukubwa wa kasha la kiberiti. Katika tatu za kwanza chora mdomo uliofumba, yaani mstari mmoja tu. Katika tatu zinazofuata chora mdomo ulio wazi, mviringo kama yai. Tatu nyingine chora mdomo uliofumba tena, na tatu za mwisho mdomo ulio wazi. Zipange sawasawa, ubane upande mmoja kwa pini, kisha uziachie upesi kwa kidole gumba, moja baada ya moja. Umeona nini? Mdomo unafumba, unafumbua, unafumba, unafumbua. Unasema: ma-ma.

(Hapa mwalimu wa kikundi awape wanafunzi nafasi ya kukata na kuchora.)

Hiyo ndiyo katuni. Mengine yote ni kurahisisha kazi hiyo.

Sasa tupige hesabu. Katika filamu, sekunde moja huwa na picha 24. Tangazo la sekunde 20 litahitaji picha ngapi? Zidisha: 20 mara 24 ni 480. Wachoraji wengi hupunguza kazi kwa kuchora picha 12 kwa sekunde na kuonyesha kila picha mara mbili. Hivyo 480 zinakuwa 240. Ikiwa picha moja inachorwa kwa dakika 5, basi 240 mara 5 ni dakika 1,200, yaani saa 20 za kazi. Yote hayo ni kwa tangazo la sekunde 20 tu.

Mwaka 1937 kampuni ya Walt Disney ya Marekani ilitoa filamu ndefu ya Snow White. Picha zake zilichorwa kwa mkono, na kazi ile ilihitaji mamia ya watu. Leo kikundi kidogo chenye kompyuta kinaweza kufanya kazi nyingi ambayo zamani ilihitaji jengo zima la wachoraji.

Wala si kazi ya Wazungu peke yao. Mwaka 2013 lilianzishwa hapa hapa Dar es Salaam shirika liitwalo Ubongo. Januari 2014 kipindi chake cha Ubongo Kids kilianza kuonyeshwa katika televisheni ya taifa, TBC, kikiwafundisha watoto hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo. Vikaragosi wake wana majina tunayoitana sisi wenyewe, kama Kibena, Amani na Baraka. Baadaye shirika hilo likatoa kipindi cha watoto wadogo, Akili and Me, chenye mtoto wa miaka minne aitwaye Akili, anayekaa na wazazi wake karibu na Mlima Kilimanjaro. Vipindi hivyo vimevuka mipaka na kuonyeshwa katika nchi nyingine za Afrika.

Majirani zetu wa Nairobi nao walitengeneza Tinga Tinga Tales, hadithi za wanyama zilizoanza kuonyeshwa na BBC ya Uingereza mwaka 2010. Sura ya michoro yake ilitokana na uchoraji wa Edward Saidi Tingatinga. Mzee huyo alitoka kusini, Tunduru, akaja kufanya kazi Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na vifaa vya ghali. Alichora juu ya mbao nyembamba za dari kwa rangi ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini uchoraji wake umekwenda dunia nzima. Tukumbuke mfano huo tunapozungumza juu ya bei ya vyombo.

KOMPYUTA INASAIDIA NINI

Kompyuta husaidia kwa njia nne. Ziandikeni katika daftari.

Ya kwanza ni picha kuu na picha za kati. Zamani mchoraji mkuu alichora picha zilizo muhimu tu. Mathalani, picha ya 1 mkono uko chini, na picha ya 13 mkono uko juu. Wasaidizi wake walichora zile 11 za katikati. Leo kompyuta ndiyo msaidizi. Wewe unaiwekea mwanzo na mwisho, nayo inajaza katikati.

Ya pili ni mifupa. Kikaragosi hukatwa vipande: kichwa, kiwiliwili, mkono wa juu, mkono wa chini, kiganja, miguu. Vipande huunganishwa kwenye viungo, kama mwanasesere wa karatasi aliyefungwa kwa uzi. Halafu ndani yake hutiwa mifupa isiyoonekana. Ukivuta mfupa wa bega, mkono wote unafuata. Hivyo huna haja ya kuchora mkono upya kila mara.

Ya tatu ni matabaka. Fikiri vioo vitatu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kioo cha chini kimechorwa mtaa, cha kati mama muuzaji, na cha juu meza ya khanga. Ukimsogeza mama, mtaa haufutiki. Unachora mtaa mara moja tu.

Ya nne ni mdomo na sauti. Hiyo tutairudia, kwa kuwa ndiyo roho ya somo letu.

Lakini sikilizeni vizuri. Kompyuta haijui binadamu anavyojongea. Ukiiachia peke yake, itainua mkono kwa mwendo mmoja toka mwanzo hadi mwisho, kama geti la chuma linalosukumwa. Nenda ukamtazame mbeba mizigo hapo sokoni. Na jina lenyewe la Kariakoo limetokana na wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mtazame anavyonyanyua gunia. Kwanza hutanua miguu. Halafu hukunja magoti. Kisha huanza taratibu, hushika kasi, na gunia likishafika begani hutulia. Mchoraji wa katuni aliyemwona mbeba mizigo kwa makini anayajua haya. Kompyuta haiyajui mpaka aifundishe yeye.

VYOMBO VYA BURE

Sasa tufike kwenye vyombo vyenyewe. Ninaposema "bure", nina maana ya programu ambazo wenye mali wameruhusu kwa maandishi kila mtu azichukue na kuzitumia. Hiyo si sawa na nakala ya wizi. Programu hizi zimo katika intaneti, na mahali salama pa kuzichukulia ni kwa wenyewe waliozitengeneza, si kwa mtu wa njiani mwenye flashi.

Kama una simu tu, anza na FlipaClip. Kazi yake ni ile ile ya karatasi zetu 12: unachora picha moja kwa kidole, unafunua ukurasa mpya, unaiona picha ya nyuma kwa mbali kama kivuli, unachora inayofuata. Sehemu ya bure inatosha kwa kujifunza. Ziko sehemu za ziada za kulipia, lakini huna haja nazo mwanzoni.

Kama una kompyuta ya zamani, jaribu Pencil2D. Ni nyepesi, nayo ina mambo machache, kwa hiyo mtu hapotei ndani yake.

Kwa mtu anayependa kupaka rangi vizuri kama mchoraji wa turubai, kuna Krita. Hiyo hasa ni programu ya uchoraji, lakini inaweza pia kuzipa picha mwendo.

Kwa kikaragosi cha vipande na mifupa, kuna Synfig. Hii hujaza picha za kati yenyewe, kwa hiyo huokoa saa nyingi.

Kwa kazi kubwa ya kuchora kwa mkono, kuna OpenToonz. Programu hii ina asili yake Italia, na ilitumiwa na Studio Ghibli ya Japani, mahali maarufu sana pa kutengenezea katuni. Mwaka 2016 ikatolewa bure kwa watu wote.

Na ya mwisho ni Blender. Hii ilianzishwa na Ton Roosendaal wa Uholanzi. Mwaka 2002 watu wa nchi mbalimbali walichanga euro 100,000 ili programu hiyo ikombolewe kutoka kwa wenye mtaji na iwe mali ya wote. Sisi watu wa upatu na harambee tunalielewa vizuri jambo hilo. Blender hutengeneza vikaragosi wenye umbo kamili, kama vinyago vya kuchongwa. Unaweza kumzunguka kikaragosi na kumtazama mbele, nyuma na pembeni. Filamu iitwayo Flow, ya paka aliyekumbwa na mafuriko, ilitengenezwa kwa Blender na Gints Zilbalodis wa Latvia pamoja na wenzake. Mwaka 2025 filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kitu cha bure hakiwezi kuwa kizuri, mtajie paka huyo.

Lakini usichukue shoka kwenda kukata kitunguu. Blender ni kubwa, inahitaji kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 kwa uchache, na kujifunza kwake ni kazi ya miezi. Mwanafunzi wa kwanza na aanze na kitu chepesi.

VYOMBO VYA KULIPIA

Viko pia vyombo vya kulipia, na vina sababu yake. Toon Boom Harmony ya Kanada hutumiwa na makampuni makubwa yenye wachoraji wengi wanaofanya kazi moja. Hulipiwa kama kodi ya nyumba: ukiacha kulipa, mlango unafungwa. Kampuni ya Adobe ya Marekani nayo ilitengeneza Character Animator. Mtu hukaa mbele ya kamera, na akicheka, kikaragosi anacheka. Akiinua nyusi, kikaragosi naye anainua. Mei 2016 kipindi cha The Simpsons cha Marekani kilitumia chombo hicho, na kikaragosi Homer akajibu maswali ya watazamaji hapo hapo, papo kwa papo.

Ushauri wangu ni huu: usianze na vyombo vya kulipia. Anza na vya bure. Siku kazi ikikuletea fedha, na ukaona mwenyewe kwamba chombo cha bure kinakuzuia, ndipo ufikirie kulipa.

MDOMO UNATAKA SILABI

Sasa tumefika kwenye jambo nililowaahidi.

Kikaragosi anaposema, mdomo wake lazima ulingane na sauti. Usipolingana, mtazamaji huhisi kwamba kuna kasoro, hata kama hawezi kueleza ni nini. Wachoraji hawachori mdomo mpya kwa kila herufi. Huchora maumbo machache tu, kisha huyarudia. Programu ya bure iitwayo Rhubarb hutumia maumbo sita ya msingi. Husikiliza sauti uliyorekodi, kisha hupanga yenyewe ni umbo gani la mdomo lije wakati gani. Nyingine, Papagayo, hukutaka uandike maneno, halafu uyasogeze mpaka yalingane na sauti.

Lakini Rhubarb imezoeshwa maneno ya Kiingereza. Kwa lugha nyingine inabidi uichagulie njia ya kufuata sauti peke yake, bila kujua maneno. Na Papagayo, ikikutana na neno isilolijua, hukutaka wewe mwenyewe ueleze mdomo unakaaje. Hapo ndipo mtu anayejua kutenga silabi za Kiswahili anapohitajika.

Na lugha yetu, ndugu zangu, imetusaidia sana. Kiswahili kina irabu tano tu, na kila moja ina mdomo wake usiobadilika. Semeni pamoja nami, kila mtu akimtazama jirani yake: a, mdomo wazi. E, mdomo nusu wazi. I, mdomo umetanuka pembeni. O, mviringo. U, mviringo mdogo uliosogea mbele.

Sasa konsonanti. Semeni: ma, ba, pa. Midomo ilifanya nini? Ilifumba kabisa. Kwa hiyo kila penye m, b au p, kikaragosi lazima afumbe mdomo. Hata mb ya neno mbuzi hufumba. Semeni: fa, va. Meno ya juu yaligusa mdomo wa chini. Semeni: wa. Midomo ilikusanyika kama ya u. Semeni sasa: ka, ga, ta, sa, na. Kazi yote ilifanyika ndani, kwa ulimi na koo. Nje hapaonekani kitu kikubwa, kwa hiyo huchori umbo jipya. Unachora irabu tu.

Basi kwa maumbo manane tunasema karibu maneno yote ya Kiswahili: irabu tano, mdomo uliofumba, meno juu ya mdomo, na mdomo uliotulia wakati wa kunyamaza. Yachoreni katika daftari.

Tujaribu maneno ya binti yetu: "Karibu mteja." Tenga silabi: ka-ri-bu m-te-ja. Ni silabi ngapi? Sita. Angalieni neno mteja. Ile m imesimama peke yake, ni silabi kamili. Mashine iliyozoea lugha nyingine yaweza kuipita haraka, kama kwamba ni mlango tu wa kuingilia kwenye te. Lakini sisi tunaitamka kwa kipigo chake. Piga meza kwa kidole: ka, ri, bu, m, te, ja. Kipigo cha nne ni cha m. Kwa muda wote huo mdomo wa kikaragosi lazima ufumbe. Usipofumba, atasikika akisema mteja na ataonekana akisema teja. Na hapa mjini mnajua wenyewe kwamba teja ni mtu wa namna nyingine kabisa!

Hesabu nayo iingie. Tuseme maneno hayo yanasemwa kwa sekunde moja na nusu. Sekunde moja na nusu ni picha 36. Silabi sita, picha 36: wastani ni picha 6 kwa silabi. Lakini mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ka-RI-bu, m-TE-ja. Silabi yenye mkazo huvutwa kidogo. Basi ri na te tuzipe picha 8 kila moja. Hizo ni 16. Zimebaki 20, zigawe kwa silabi nne: kila moja picha 5. Huo ni mpango wa kuanzia. Baadaye sikiliza sauti yenyewe, usogeze hapa na pale.

Hakuna shahada iliyotumika hapo. Tumetumia ma-me-mi-mo-mu za ubaoni, na kuzidisha na kugawanya tulikojifunza mwaka huu.

HADHARI NNE

Kwanza, umeme. Umeme ukikatika, kazi ambayo hukuihifadhi imekwenda. Hifadhi kila baada ya dakika chache, na weka nakala ya pili katika flashi. Binti yule alikuwa na nakala moja tu.

Pili, kompyuta. Kabla ya kununua kompyuta iliyokwisha kutumika, iwashe dukani, ifungue programu unayotaka kuitumia, uone kama inakwenda. Dai risiti na uisome, kama tulivyojifunza juma lililopita.

Tatu, mali ya mtu. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Programu iliyoibwa ni mali ya wizi. Vivyo hivyo usimchukue kikaragosi wa mtu mwingine ukamtangazia khanga zako. Chora wako. Hata wewe utafurahi mtu akiiheshimu kazi yako.

Nne, swali la kuuliza kabla ya kutoa fedha. Mtu akikutajia bei ya programu, muulize: "Fedha hii ni ya programu, au ni ya kazi yako ya kuiweka?" Si vibaya kumlipa fundi kwa kazi yake na muda wake. Ni vibaya kuuziwa kitu ambacho mwenyewe ametoa bure. Na jina la programu mwambie akuandikie kwenye karatasi, ukalisome nyumbani kwa utulivu. Sasa unaweza kusoma.

MWISHO WA HABARI

Mtaniuliza, mama yule na binti yake waliishia wapi? Fedha hazikurudi. Kodi waliilipa kwa kuchelewa, na kwa shida. Kompyuta ilisafishwa, binti akachukua programu ya bure, akaanza kuchora upya.

Jioni moja alimwita mama yake atazame. Kikaragosi alikuwa mzuri, khanga begani, mkono unapunga. Akasema, "Karibu mteja." Mama akatazama mara ya kwanza, akatazama mara ya pili, akasema, "Huyu hasemi Kiswahili. Hafumbi mdomo kwenye m." Binti akabisha, akasema kompyuta ndiyo iliyopanga. Mama akachukua daftari lake la darasani, akaandika silabi sita, akazipigia meza moja moja. Wakakaa pamoja mpaka usiku, mama akitaja silabi, binti akibadili midomo. Sasa kikaragosi anafumba mdomo panapotakiwa.

Mama huyo alianza darasa akiwa hajui kuandika jina lake. Tangazo lake nimeliona katika simu. Linachukua sekunde 12.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini jicho linaona mwendo, na hali picha zimesimama?
2. Tangazo la sekunde 15, lenye picha 12 zilizochorwa kwa kila sekunde, linahitaji michoro mingapi? Ikiwa mchoro mmoja ni dakika 5, ni saa ngapi za kazi?
3. Tenga silabi za maneno haya: "Bei nafuu, mpenzi mteja." Kisha chora umbo la mdomo chini ya kila silabi. Ni wapi mdomo unafumba kabisa? Ni wapi meno yanagusa mdomo?
4. Kuna tofauti gani kati ya programu ya bure na nakala ya wizi?
5. Mtu akikuuzia programu kwa shilingi 150,000, utamwuliza maswali gani kabla ya kutoa fedha?

Juma lijalo tutajifunza kuandika mkataba mfupi wa kazi kati ya fundi na mteja wake. Njoni na kalamu. Kwa leo, kwaherini.